MREJESHO: Zamu za maombi kabla ya misheni ya wanafunzi, Mbeya

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niliuliza kwa nini maombi ya alfajiri ya ushirika wetu wa chuo hufifia ifikapo wiki ya tatu, misheni ya vijijini Rungwe ikiwa bado mbali. Mlijibu: acheni kutegemea mkesha, gawaneni saa. Mlisema kweli.

Sasa ni zamu 14 kwa wiki, asubuhi na jioni, nusu saa kila moja, wawili wawili. Watu 28 wanatosha. Anayebaki peke yake baridi ya Julai humrudisha kitandani; mwenye mwenzake hujua anasubiriwa.

Kosa kubwa lilikuwa hoja za jumla. "Bwana, okoa Rungwe" huisha ndani ya dakika mbili, kisha watu wanasinzia. Daftari la zamu lina hoja tatu tu: kijiji kimoja, mwenyeji wetu pale, na hitaji moja linalopimika, kama nauli au kibali cha shule. Likijibiwa, tarehe huandikwa pembeni. Wiki ya mitihani zamu hupunguzwa hadi dakika 10, hazifutwi.

Aliyetaja Herrnhut, kijiji cha Wakristo Wamoraviani huko Ujerumani, nimshukuru sana. Mwaka 1727 Wamoraviani 48 waligawana saa pale, na mnyororo ule ukadumu zaidi ya miaka 100. Wamisionari wa kanisa hilohilo walifika Rungwe 1891.

Kilichobaki kigumu ni likizo. Kwa sasa kila jozi hupigiana simu saa ileile ya zamu yao.