Naomba msaada: Ubuntu imegoma kuweka programu tangu umeme ukatike katikati ya kusasisha (Tanga)

MtotoWaNgamiani
Wakuu, hali zenu. Naomba ushauri kabla sijaambiwa nifungashe virago.

Nipo Tanga, nafanya kazi kwenye steshenari ya mama mmoja huku Ngamiani, Barabara ya 9. Tuna kompyuta moja ya mezani, mtumba. Mwaka jana nilimshawishi Mama tuachane na Windows maana flashi za wateja zilikuwa zinatumaliza: mtu analeta CV yake, ukifungua unakuta mafoda yote yamegeuka shotikati. Nikaweka Ubuntu 22.04, na virusi nikavisahau.

Jumapili mchana duka likiwa tupu nikasema nisasishe vifurushi. `sudo apt update` ikapita, `sudo apt upgrade` ikaanza. Ikashusha megabaiti 600 na ushee kwa bando la simu yangu mwenyewe, ikaingia kwenye kuweka, imefika kama asilimia 60, pap! Umeme mtaa mzima hakuna. UPS, ile betri ya akiba, hatuna. Uliporudi kompyuta iliwaka kama kawaida, ila kila nikitaka kuweka kitu nakutana na hii:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Kuna mwalimu kaleta mitihani ya vidato vinne kwenye mafaili tofauti, anataka kurasa zipangwe upya, nyingine zitolewe, halafu ndiyo tuchape. Nimeambiwa pdfarranger ndiyo dawa yake. Kazi anaitaka Jumatano. Je, nifomati? Na nikifomati, vile vifurushi nilivyoshusha ndiyo vimekwenda na maji?

Kibwengo_wa_Pwani
Kifurushi kikiisha si unanunua kingine mkuu? Cha usiku bei poa.

MtotoWaNgamiani
Si kifurushi cha intaneti bwana. Vifurushi vya programu.

Kibwengo_wa_Pwani
Aah. Basi mie siyawezi hayo, nakaa hapa nasoma.

FundiChumbageni
Dogo usihangaike. Hapo kuna faili za kufuli zimebaki. Piga `sudo rm /var/lib/dpkg/lock*` halafu zima uwashe. Mie siku zote ndivyo ninavyofanya na sijawahi kufa.

Mzee_wa_Teminali
MtotoWaNgamiani, usifute kitu. Fundi nakuheshimu, lakini hapo umempa dawa ya ugonjwa mwingine. Habari ya kufuli inakuja pale programu mbili zinapotaka kuweka vifurushi kwa wakati mmoja, na mara nyingi ya pili ni ile `unattended-upgrades` inayojisasisha yenyewe kimyakimya ukiwasha mashine. Hapo unasubiri dakika chache, imalize, iondoke. Ukifuta faili ya kufuli mwenzio bado yumo ndani anafanya kazi, mnaingia wawili kwenye daftari moja la stoo na kila mmoja anaandika lake. Siku daftari likiharibika utakumbuka kufomati kwa hamu.

Sasa shida yako. Wewe ni wa Tanga, bandari unaijua. `apt` ni karani: anajua mzigo gani upo ghala gani, unategemea mzigo gani mwingine, anauagiza. `dpkg` ni mpagazi: anaupokea, anaufungua, anaupanga. Umeme ulipokatika mpagazi alikuwa na masanduku mengine kayafungua hajayapanga. Karani hakupi mzigo mpya mpaka yale yapangwe. Na amri ya kuyapanga wamekuandikia wenyewe kwenye ujumbe:

`sudo dpkg --configure -a`

Ikimaliza, fuatisha na:

`sudo apt --fix-broken install`

Ikikuuliza uchague faili la mipangilio, la zamani au jipya, na hukumbuki kama uliwahi kuligusa, bonyeza Enter, itabaki na lako la zamani.

Bando lako halijapotea. Vilivyoshushwa vyote vimekaa `/var/cache/apt/archives`. Ukiendelea na upgrade itavichukua humohumo, haitavishusha tena. Ungefomati ndiyo ungevitupa.

MtotoWaNgamiani
Shukran sana mzee wangu. Nimefanya leo Jumatatu jioni. Ya kwanza imetembea kama dakika nne, mistari mingi inaanza na `Setting up`, haikulalamika. Ya pili nayo imepita. Nikaendeleza upgrade, kweli haikugusa bando, imemaliza. Kesho asubuhi naweka pdfarranger.

MtotoWaNgamiani
Wakuu nimerudi na uso wa aibu. Leo Jumanne, saa tatu asubuhi, `sudo apt install pdfarranger` imeshusha vifurushi vitatu vinne, kimoja cha poppler (ya kusomea PDF) kikajibu `404 Not Found`, yaani hakipo. Nikasema labda orodha ni ya zamani, nikapiga `sudo apt update`, nayo ikakataa. Inasema faili la Release la jammy-updates (jammy ndiyo hii 22.04) `is not valid yet`, eti bado 4h 50min 12s ndiyo liwe halali. La jammy-security vilevile, saa zake tofauti kidogo. Nilifungua sava ya Ubuntu kwa kivinjari cha simu, inafunguka vizuri tu.

Kinachonichanganya, Jumapili ilikubali. Wiki iliyopita kuna siku ilikubali na siku ilikataa. Nikadhani ni mtandao.

FundiChumbageni
Hiyo sasa naijua kwa hakika. Andika `sudo apt -o Acquire::Check-Date=false update`, itapita kama maji.

Mzee_wa_Teminali
Itapita, sikatai. Lakini ile tarehe imewekwa kwa sababu. Faili la Release lina sahihi ya wenye Ubuntu na lina tarehe ndani yake. Apt inaiangalia tarehe ili mtu anayejipenyeza katikati yako na sava asikulishe orodha iliyopitwa, na ikiona faili limetoka kesho inajua kuna saa haiko sawa mahali. Tutafute hiyo saa. Mtoto, andika `timedatectl` ulete majibu.

MtotoWaNgamiani
Saa iko sawa mzee, hiyo nilishaiangalia. Haya hapa:

`Local time: Tue 03:15:40`
`Time zone: Africa/Dar_es_Salaam`
`System clock synchronized: no`
`NTP service: inactive`

Sasa hivi ni saa tatu na robo na yenyewe imeandika tatu na robo.

Binti_Makorora
Mwanangu wee.

Saa tatu na robo ya asubuhi au ya usiku wa manane?

MtotoWaNgamiani
Ya asubuhi dada, si nipo dukani jua limewaka... Ngoja kwanza.

Binti_Makorora
Eeh, ngoja hivyohivyo. Kompyuta ikiandika 03:15 inamaanisha saa tisa na robo usiku, watu wamelala. Saa tatu na robo ya kwetu kwake ni 09:15. Kuna mtu kaiweka saa ya Kiswahili kwa mkono, kairudisha nyuma saa 6, na ile ya kujirekebisha kwa mtandao kaizima ili isimharibie. Ndiyo hiyo `NTP service: inactive`.

Sasa piga hesabu. Kompyuta inalalamika faili bado saa nne na dakika hamsini. Mashine yako iko nyuma saa 6. Toa: faili limetengenezwa saa moja na dakika kumi zilizopita, jipya kabisa, halina kosa. Ndiyo maana siku nyingine inakubali. Sava ikiwa haijatoa orodha mpya kwa zaidi ya saa 6, kama Jumapili, hata saa yako iliyochelewa inalikuta faili limeshazaliwa. Siku za kazi orodha zinatoka kila mara, unagonga mwamba. Na ndiyo maana hutaona hata siku moja imekwambia bado saa 7.

Hiyo 404 ni mtoto wa hilohilo. Orodha yako ni ya Jumapili, poppler imeshatoka toleo jingine, la zamani sava imeliondoa. Karani anaagiza mzigo ambao ghalani haupo tena.

Kibwengo_wa_Pwani
Nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Kompyuta inaongea Kiswahili na sava haielewi.

MtotoWaNgamiani
Nimemuuliza Mama. Ni yeye. Anasema mwezi ule mteja aliambiwa na kijana mwingine, kwa kusoma kwenye kioo, kuwa kazi itakuwa tayari "saa kumi", kumbe 10:00, yaani saa nne. Mteja akaja jioni duka limefungwa, akaleta maneno. Mama akaingia kwenye mipangilio akaiweka saa anayoijua yeye. Amesema, namnukuu, saa ni yetu na kompyuta ni yetu. Hataki nirudishe. Nifanyeje na mwalimu kesho yupo?

Mzee_wa_Teminali
Mwambie Mama kwa adabu kwamba kompyuta ni yake ila saa inazungumza na dunia nzima. Rudisha:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri dakika moja intaneti ikiwepo, halafu `sudo apt update`. Saa ya Kiswahili nunueni ya ukutani.

Binti_Makorora
Mzee, Mama hana kosa. Kosa ni kuigusa saa yenyewe badala ya kugusa majira. Kompyuta ndani kwa ndani inahesabu saa ya dunia, UTC, na apt inalinganisha kwa hiyo. Unachokiona kwenye kioo ni UTC iliyoongezwa au kupunguzwa kulingana na majira uliyochagua. Sisi tuko mbele ya UTC saa 3. Tukitaka ionekane saa 6 nyuma ya hapo, tunahitaji mahali palipo nyuma ya UTC saa 3. São Paulo, Brazili, wako hapohapo, na tangu 2019 hawasogezi saa tena kiangazi. Kwa hiyo:

`sudo timedatectl set-ntp true`
`sudo timedatectl set-timezone America/Sao_Paulo`

Saa ya kweli inakuwa sahihi, apt inanyamaza, na Mama akiangalia juu ya kioo saa tatu asubuhi anaona 3:00. Kwenye mipangilio chagua mtindo wa saa 12, sio 24, la sivyo saa moja usiku ataiona 13:00 tugombane upya. Ile AM na PM aipuuze.

FundiChumbageni
Hii sijawahi kuiona popote. Naichukua.

Mzee_wa_Teminali
Inafanya kazi, lakini mie bado siipendi. Siku atakuja fundi mwingine, akute mashine ya Ngamiani iko Brazili, aanze kutibu asichokijua. Angalau bandika karatasi nyuma ya kava.

Na jingine kabla sijasahau, Mtoto. Kushusha kunahitaji mtandao, kuweka kunahitaji umeme. Usivifanye pamoja kama huna UPS. Usiku kwenye bando la bei poa piga `sudo apt update`, halafu `sudo apt upgrade -d`. Hiyo d inashusha tu, haiweki kitu, umeme ukikatika hapo hakuna kilichovunjika. Asubuhi umeme ukiwa umetulia unapiga `sudo apt upgrade` na simu imezimwa data.

MtotoWaNgamiani
Mrejesho. Nimefuata ya Binti, samahani mzee. Update imepita bila mstari wa kosa hata mmoja, pdfarranger imeingia, kurasa za mitihani nimezipanga kwa kuziburuta na panya kama karata. Mwalimu kachukua mzigo wake leo mchana. Karatasi nimebandika nyuma ya kava kama ulivyosema.

Mama kafurahi kuliko mimi, maana hata saa za WhatsApp kwenye kivinjari cha kompyuta zimegeuka za Kiswahili. Ila kaniuliza swali nikakosa jibu: tarehe nayo itakuwaje?

Binti_Makorora
Swali zuri, mwambie nimemvulia kofia. Tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku. Kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri kompyuta itasema bado jana. Kama hamkeshi dukani hamtaona tofauti.

MtotoWaNgamiani
Siku za kawaida hatukeshi. Ramadhani ndiyo tunafungua baada ya tarawehe mpaka karibu na daku.

Binti_Makorora
Basi Ramadhani risiti andikeni kwa mkono.