Mafunzo ya usalama kazini: aje mchekeshaji, au tubaki na kusomewa vifungu?

Randa ya Keko
Wadau, salaam. Niko karakana ya samani, tupo watu 23, wengi tumejifunza kazi kwa mafundi waliotutangulia, siyo darasani. Mwezi uliopita tuliletewa mafunzo ya usalama. Mkufunzi alikuja na kompyuta, akaanza kutusomea maandishi ukutani kuanzia saa mbili. Kifungu hiki, kifungu kile. Kufika saa tano nusu ya watu wamelala, akiwemo mzee wetu wa msumeno wa mviringo, ambaye kwa kweli ndiye tuliyemwitia mafunzo.

Sasa tajiri anataka yarudiwe, na amempata mkufunzi mwingine anayefundisha kwa vichekesho. Nilimwona kiwanda cha jirani. Anaigiza fundi mmoja anaitwa Bwana Haraka: hajachomekea shati, mikono ya shati inaning'inia, miwani kaivaa utosini, anasukuma ubao kwa kidole gumba huku simu kaibana begani anaongea na mke wake. Watu walishika mbavu. Lakini alipomaliza akawauliza Haraka kakosea wapi, na walitaja yote bila kuangalia karatasi.

Mafundi wetu wawili wakubwa wamekataa. Wanasema msumeno siyo kitu cha kuchekea. Nyie mnaonaje? Nawasilisha.

Kibatari
Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sina la kuongeza.

Sakiti Breka
Kibatari, methali siyo hoja. Mimi ni fundi umeme, huu mwaka wa 14. Aliyenifundisha alikuwa na msemo wake: "Umeme hauna shemeji." Tulicheka sana siku ya kwanza. Hadi leo nikitaka kugusa nyaya kwa mazoea, hilo neno linanijia sikioni. Zima, weka kufuli, ufunguo tia mfukoni mwako mwenyewe, pima kwa testa, ndipo uguse. Na kuhusu ufunguo alikuwa anasema, "Ukimwachia mwenzako ufunguo, mwachie na wosia kabisa." Angenisomea kifungu ningekuwa nimeshakisahau, au nimeshakufa.

Karani Mkuu
Ndugu zangu, msipoteze muda. Sheria ya usalama kazini ya 2008 imeshaeleza mafunzo yaweje. Vichekesho havimo.

Mama Zahanati
Karani, 2008 ni ile ya fidia kwa wafanyakazi. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni Namba 5 ya 2003. Inamtaka mwajiri awape watu maelekezo na mafunzo. Mkufunzi acheke au anune, hilo ni lake.

Nirudi kwenye swali la Randa. Mimi ni muuguzi, nina miaka tisa kwenye zahanati ya kiwanda. Wanaoletwa kwangu na vumbi la chuma jichoni siyo kwamba hawajui miwani. Wanajua wote. Ukimuuliza ilikuwa wapi, anakuonyesha utosini. Hapo hakuna upungufu wa elimu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia dakika ile ile grenda inawashwa. Na aliyesimama jirani yake ni kijana wa miaka 20. Kijana atamwambiaje fundi wa miaka 55 "vaa miwani"? Ataulizwa kama yeye ndiye aliyemzaa.

Kwetu alipita mkufunzi wa aina hiyo hiyo. Mhusika wake alimwita Mzee Tangu Zamani, maana kila akielekezwa kitu anajibu, "Mimi tangu zamani nafanya hivi." Leo ukipita karakana utamsikia kijana anasema, "Shikamoo, Tangu Zamani." Hasemi zaidi ya hapo. Mzee anacheka, anaitikia marahaba, miwani inashuka machoni. Hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Hii nimeiona kwa macho yangu, ndiyo maana naitetea.

Mwalimu wa Karakana
Mama Zahanati umegusa penyewe, ila niweke tahadhari. Nimefundisha ufundi miaka 11. Ukichekesha vibaya, baada ya wiki mbili wanakumbuka kichekesho, somo hawana. Kichekesho lazima kiwe ndani ya kosa lenyewe. Mfano mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Karibu kila mwanagenzi anaelekeza juu kwenye ndimi za moto. Nikimwona nasema, "Wewe unapepea mshikaki!" Sasa darasa zima likimwona mtu kainua mdomo wa mtungi wanapiga kelele, "Mshikaki!" na mkono unashuka wenyewe. Ukianza somo kwa hadithi ya mlevi na mke wake halafu ukaingia kwenye mtungi, umewachekesha bure.

Kibatari
Mnacheka kwa sababu hayajawakuta. Kaka yangu alikatwa vidole vitatu na mashine ya kuranda mwaka 2016. Alipopona akarudi kazini, kapangiwa stoo. Siku moja wakaleta huyo mkufunzi wenu wa vichekesho. Akainua mkono, akakunja vidole vitatu, akasema, "Huyu akiagiza bia tano, analetewa mbili." Ukumbi mzima ukalipuka. Kaka alikuwa amekaa mstari wa tatu. Aliutia mkono mfukoni, hakuutoa hadi mafunzo yalipoisha, hata chai hakwenda kunywa. Sasa niambieni alifundishwa nini siku ile.

Sakiti Breka
Pole sana, mkuu. Ile kauli yangu ya methali naifuta.

Mnyamwezi Mpagazi
Pole Kibatari, kwa dhati. Lakini lawama mpe mkufunzi, siyo kicheko. Anayejua utani hafanyi vile. Sisi kwetu utani una wenyewe na una taratibu zake. Tatizo watu wa Pwani mmezoea mzaha kwanza kazi baadaye, ndiyo maana mtu kama yule anapata hela Dar.

Binti Mzaramo
Wee Mnyamwezi, hebu rudia. Mzaha kwanza kazi baadaye? Babu zako walifika Bagamoyo na mabega yamechubuka kwa pembe za ndovu walizotoka nazo Tabora. Nani aliwapa maji? Nani aliwapa pa kulala? Leo umeshiba unakuja kututukana?

Mnyamwezi Mpagazi
Mzaramo ni mtani wangu tangu enzi hizo hizo za misafara. Nina haki ya kukusema, na wewe huna haki ya kukasirika. Ndiyo sheria ya utani.

Binti Mzaramo
Sheria ya utani unaijua nusu. Mtani wangu ananisema usoni kwangu, nami namjibu hapo hapo. Na nikifiwa, anakuja. Alipokufa bibi yangu, mtani wetu alifika mapema kuliko shangazi. Alijilaza kwenye kaburi lililokuwa limeshachimbwa, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu bibi alikuwa na deni lake la kuku. Watu waliolia siku mbili walicheka pale. Halafu mtu huyo huyo alichota maji, akapasua kuni, akaosha masufuria hadi arobaini ilipopita. Wewe umenichotea maji wapi? Umejificha nyuma ya jina la bandia unatukana ukoo wa watu, unaita utani.

Mpare Mmoja
Na sisi na Wachaga je? Au huo mjadala ni wa reli ya kati tu?

Karani Mkuu
Jamani, mada ni mafunzo kazini.

Mama Zahanati
Karani, acha waendelee, huyu binti ameijibu mada kuliko sisi wote. Mtani analipia kicheko chake kwa kuosha masufuria. Yule mkufunzi wa kaka yake Kibatari alikuja saa mbili, akaondoka saa sita, akalipwa. Hajui nani ana vidole vingapi mle ndani. Hakuwa na deni na mtu.

Mnyamwezi Mpagazi
Binti Mzaramo, nilikosea kusema watu wa Pwani wote kwa jumla. Naomba radhi. Lakini utani wenyewe siufuti, huo ni urithi wangu.

Binti Mzaramo
Radhi haiji mikono mitupu. Tabora kuna asali.

Utingo Mstaafu
Vijana, mnajadili kitu cha zamani kama kimeanza jana. Mimi nilikuwa utingo, njia ya Dar kwenda Tunduma. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mle mna dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana mwanamke kila kituo, nyumbani kamwacha mkewe Tunu na watoto. Sisi wa njia kuu tulijijua. Nani kabla ya hapo angemwambia dereva wake kuhusu wanawake? Ungeshushwa Mikumi usiku na mizigo yako. Baada ya mchezo ule, dereva akianza kujipulizia manukato tukikaribia kituo, utingo ananong'ona tu, "Mkwaju." Wengine waliwaka. Wengine walicheka, wakalala ndani ya lori. Alichosema Mama Zahanati kuhusu Tangu Zamani nimekielewa kwa sababu hiyo.

Kibatari
Mzee wangu, shikamoo. Mkwaju hakuwa kichekesho. Aliugua ukimwi. Watu waliogopa, hawakucheka.

Utingo Mstaafu
Marahaba mwanangu. Tulicheka kwanza, kisha tukaogopa. Kama tusingecheka tungefunga redio mapema, na kuogopa kusingefika.

Wa Makole
Sisi Dodoma hatukusikia. Mitambo ya kwetu ilirusha vipindi vingine tangu 1993 hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Hili limenikaa rohoni miaka yote. Nilipoteza mjomba, alikuwa dereva.

Utingo Mstaafu
Pole mwanangu. Hilo sikulijua.

Mwalimu wa Karakana
Wa Makole, pole. Ila ona kitu hapo: walijali kiasi cha kupima. Mafunzo yetu ya kazini nani anayapima? Tunasaini mahudhurio, tunapiga picha ya pamoja, basi. Kama Randa atamleta mchekeshaji, ahesabu: wiki moja kabla, asimame mlangoni ahesabu wangapi wamevaa miwani na wangapi wanatumia kijiti cha kusukumia ubao. Mwezi mmoja baadaye ahesabu tena. Tutaacha kubishana.

Sakiti Breka
Na asiwaambie kuwa anahesabu.

Mama Zahanati
Kibatari, mdogo wangu, naomba nikuulize na usinichukie. Kaka mwenyewe anasemaje kuhusu siku ile?

Kibatari
Unataka nimpigie simu nimuulize kama aliumia? Hilo ni swali la kumuuliza mtu?

Mama Zahanati
Nimekuuliza kwa sababu wodini nimeona mengi. Waliokatwa mara nyingi ndio wanaoanza kujitania. Sisi tusiokatwa ndio tunaona aibu. Lakini mimi simjui kaka yako, na wewe unamjua. Kama nimekukwaza, nisamehe.

Mnyamwezi Mpagazi
Binti Mzaramo, asali unataka ya nyuki wakubwa au wadogo?

Binti Mzaramo
Mtani anauliza bei kabla ya kuja? Leta zote mbili.

Kibatari
Nimempigia. Tumeongea karibu saa nzima, hatujawahi kuongea hivyo kuhusu ule mkono.

Amesema yeye stoo wanamwita Mbili Mbili, na jina alijipa mwenyewe. Vijana wapya wakija anawashikisha mkono, anawaambia, "Vingine nilimwachia randa, nenda kamuulize kama kashiba." Anasema hakuna kijana aliyeshikishwa mkono ule akaenda kusukuma ubao mfupi bila kijiti. Mimi nilikuwa sijui hata hilo jina.

Kuhusu siku ile, amesema kilichomuuma hakikuwa kichekesho. Kilichomuuma ni kwamba waajiri walijua yupo, na hakuna aliyemfuata asubuhi kumwambia, "Leo tutazungumzia mikono, wewe utakaa, utatoka, au utasema mwenyewe?" Angesema mwenyewe.

Bado siungi mkono mchekeshaji wa kukodi. Lakini niliandika kwa niaba yake bila kumuuliza, na hilo nalo siyo sawa.

Sakiti Breka
Mkuu, heshima kwako na kwa kaka.

Karani Mkuu
Kwa hiyo Randa, umeamua nini?

Randa ya Keko
Nimesoma yote. Nimeanza kuhesabu tangu jana, simwambii mtu. Kati ya saba waliokuwa kwenye mashine saa nne asubuhi, miwani ilikuwa machoni kwa wawili. Mkufunzi nimempigia, nimemwambia kwetu pia kuna mmoja aliyepoteza ncha ya kidole, aje mapema azungumze naye kabla ya kuanza. Amekubali.

Tatizo limebaki kwa mzee wa msumeno. Nilimweleza juu ya huyo Bwana Haraka. Akanyamaza, akauliza, "Ananiigiza mimi?" Nikamwambia hapana, mzee wangu, hakujui, hajawahi kufika hapa. Akasema, "Mbona anayebana simu begani ni mimi?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo ni Jumatatu saa mbili. Mzee amesema atakuja, na anataka kiti cha mbele.

Binti Mzaramo
Mtupe habari Jumatatu jioni. Na wewe Mnyamwezi, asali sijaiona.