Tupeane uzoefu: Video yako ya mtandaoni iliwahi kuondolewa, kuzuiwa au kukatwa kabla haijatoka?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam
Ndugu wadau, naomba tusimuliane yaliyotukuta sisi wenyewe, bila kutaja ofisi wala mtu, kwa kuwa nia ni kuelewa namna mambo yanavyokwenda. Kwa Tanzania, mlango ulibanwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo zilimtaka mwenye runinga ya mtandaoni, hata kama studio yake ni chumba cha kulala na simu iliyofungwa kwenye kijiti, alipie leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Aliyerusha bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini leseni bado inatolewa na kuchukuliwa na mkono uleule. Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 11 mwaka 2020 kwa kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu korona, na Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni ya magazeti, zilisitishwa kwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyogusia watu waliopotea. Ninyi yamewafika yapi?

Mpiga picha wa harusi, Mwanza
Kazi yangu ni video za harusi na vipaimara, na chaneli ya YouTube niliifungua ili wateja waione kazi yangu. Siku moja nikiwa mwaloni niliwarekodi wavuvi watatu waliokuwa wakilalamikia nyavu zao zilizochomwa moto, na mmoja wao akamtaja kiongozi kwa jina. Ndani ya siku mbili video ile ilikuwa imetazamwa kuliko harusi zangu zote za mwaka mzima. Siku ya tatu nilipigiwa simu, na sauti ya upole kabisa ikaniuliza kama nina leseni ya kurusha habari. Hakuna aliyeniambia niifute. Niliifuta mwenyewe, nikiwa nimesimama palepale nilipopokelea simu, kisha usiku nikazipitia na za harusi, nikakata hotuba ya mjomba wa bibi harusi aliyetania bei ya sukari. Hilo la mjomba ndilo linaloniuma hadi leo, maana hakuna aliyeniuliza habari zake.

Mkazi wa Kampala
Huku mambo yalikuja kwa sura nyingine. Desemba 2020, uchaguzi ukiwa umebakiza wiki chache, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliiandikia Google ikitaka chaneli 14 za YouTube zifungwe, ikiwamo Ghetto TV iliyokuwa ikionyesha mikutano ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kwa madai kwamba zilichangia ghasia za Novemba. Google ilijibu kwamba ni vigumu kuondoa chaneli bila amri ya mahakama. Barua iliposhindwa, waya ulifanya kazi: tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa kura, intaneti yote ilizimwa. Mimi nilikuwa napakia mahojiano na vijana wa mtaani kwetu, na mstari ulikuwa umefika asilimia 71. Uliganda hapo. Huduma iliporudi baada ya siku tano, mshindi alikuwa ameshatangazwa, na mahojiano yale hayakuwa na maana tena.

Mdau wa Mombasa
Naomba kutofautiana kidogo, kwani si kila video inayoondolewa imeondolewa na serikali. Video yangu kuhusu barabara ya wadi yetu ilishushwa kwa dai la hakimiliki, eti nimetumia sekunde kumi za chaneli nyingine, na madai matatu ya namna hiyo yanatosha kukufungia chaneli. Nilipinga, ikarudishwa baada ya wiki mbili, hasira za watu zikiwa zimeshapoa. Aliyelalamika alikuwa na sababu gani? Sijui, na hapo ndipo penye utamu wa njia hiyo kwa mwenye nia mbaya. Lakini niwe mkweli: Juni 25, 2025, vituo vya runinga vya Kenya vilipozimiwa mitambo na mamlaka kwa kuonyesha maandamano moja kwa moja, hapa nyumbani tulihamia YouTube na tukaendelea kutazama.

Mhariri wa video, Dar es Salaam
Kwetu hakuna haja ya simu. Mkubwa wangu huvuta kiti nyuma yangu, husema "rudisha kidogo", kisha hunyamaza, na mimi huujua ukimya huo kama ninavyojua kibodi yangu. Mwezi uliopita mama mmoja alizungumza nasi dakika 22 kuhusu mwanawe ambaye hajaonekana tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi ambayo intaneti ilizimwa nchi nzima. Tulirusha dakika nne zinazohusu biashara yake ya vitumbua. Zile 18 ziko kwenye kadi ndogo niliyoifunga ndani ya kitambaa, na kila wiki mama hunipigia kuuliza sehemu ya pili inatoka lini.