OT wa Uingereza naombeni msaada: usajili wa HCPC unaisha 31 Oktoba na nimeangukiwa na ukaguzi wa CPD

BintiKibosho
Habari za humu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni OT, yaani mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapist), nimesoma KCMC Moshi, sasa niko Leicester kwenye wodi ya kiharusi. Rejista ya HCPC, baraza linalosajili watu wa afya huku, niliingia 2021. Mwaka 2023 nilihuisha usajili bila jasho: unaingia kwenye akaunti, unatiki matamko, unalipa, unalala. Nikajua na 2025 itakuwa hivyo hivyo. Mwezi wa nane ikaja barua pepe ya kuhuisha, na nyingine nyuma yake: umechaguliwa kwenye ukaguzi wa CPD (kujiendeleza kitaaluma), tuma wasifu wako. Niliisoma kwenye chumba cha chai kazini, andazi mkononi. Andazi lilirudi kwenye kopo.

Leo tarehe 20 Septemba sijaandika hata mstari. Vyeti ninavyo sita kwa miaka miwili, na vitatu ni vile vya lazima kazini: kuinua wagonjwa, moto, usiri wa taarifa. Siku za masomo nimeomba mara mbili, jibu ni moja, wodi haina watu. Kuanzia Mei 2024 mpaka Februari 2025 nilikuwa likizo ya uzazi, hapo CPD yangu ilikuwa nepi. Na wanataka maelezo binafsi ya hadi maneno 1,500. Mimi kujisifu kwa Kiswahili tu siwezi, sembuse kwa Kiingereza.

Natakiwa niwe na saa ngapi? Ninunue kozi za mtandaoni za haraka haraka nijazie? Nikishindwa wananifuta?

Mzee_wa_Houston
Mdogo wangu hilo halina ugumu. Saa 24 kila miaka miwili. Unafanya mtihani mdogo wa sheria ya jimbo, unafanya na ile kozi ya biashara haramu ya binadamu, ya bure, umemaliza. Nunua kifurushi cha kozi, wikendi mbili unatoboa.

Kichwa_Ngumu
Samahani, tiba kazi ndiyo nini? Mnawatibu wasio na kazi? Nina mdogo wangu yuko nyumbani tangu 2019, nimlete?

BintiKibosho
@Kichwa_Ngumu 😂 Mtu akipata kiharusi, fizio anamrudisha kutembea. Mimi namrudisha kuvaa shati, kuoga, kupika, kushika kijiko. Kazi ni zile za kila siku. Mdogo wako mpe jembe kwanza.

@Mzee_wa_Houston asante kaka, ila sijaona popote kwenye barua yao wametaja saa 24.

Wanja_Manchester
Pole sana dada. @Mzee_wa_Houston hiyo ni Texas, usimpoteze. Huku HCPC hawahesabu saa wala pointi. Mimi nilichaguliwa 2021 na nililia vile unalia sasa, halafu nikagundua nilikuwa nalilia kitu sikijui.

Wanachukua asilimia 2.5 ya watu wa taaluma, bila kuangalia sura, mradi umekuwa kwenye rejista zaidi ya miaka miwili. Hakuna mtu amekushtaki. Wanataka kuona vitu vitano: una rekodi inayoendelea ya ulichojifunza, umejifunza kwa njia tofauti tofauti na inahusu kazi yako, umejaribu kuhakikisha imeboresha kazi yako, umejaribu kuhakikisha imemsaidia mgonjwa, na ukiulizwa unaweza kuandika hayo yote mwenyewe na kuweka ushahidi. Vyeti hamsini bila hiyo ya tatu na ya nne havikusaidii.

Sasa hizo kozi za haraka usinunue. Mtu wa kusoma wasifu wako ni OT kama wewe, atajua tu. Kozi tano zote za wiki ya mwisho ya Septemba zinaonekanaje kwa mtu anatafuta neno "inayoendelea"?

Halafu swali. Kazini umejifunza nini tangu urudi? Sisemi kozi.

BintiKibosho
Hapo ndipo ninapokwama dada Wanja. Nimefanya kazi tu. Nimeshinda kliniki ya viti vya magurudumu siku mbili, nimesimamia mwanafunzi mmoja, kila mwezi nakaa na msimamizi wangu. Mengine ni vituko vya wodini.

Kwa mfano mwezi wa tano tulikuwa na bibi mmoja Mgujarati, wale waliotoka Uganda kwa Amin 1972. Jikoni kwetu kipimo ni kikombe cha chai na mkate wa kuchoma. Akasimama mbele ya birika la umeme, akaligusa, akainua kopo la majani, akalirudisha. Mwenzangu akaandika hawezi kupanga hatua. Mpango ukaanza kuelekea nyumba ya wazee. Mimi nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, kwako chai unapikaje?" Akanitazama kama nimemtusi. "Kwa sufuria. Maziwa, maji, tangawizi. Wewe hujui?"

Kesho yake nikaenda na sufuria yangu, tangawizi na iliki. Mkono wa kushoto umelegea, akaponda tangawizi kwa wa kulia, akapunguza moto kabla haijafurika, mimi mwenyewe nimeshasahau. Chai ikaiva safi. Tukafika kumimina, vikombe viwili viko kushotoni kwake, havioni. Anazungusha macho kulia tu, ananiuliza vikombe vyenu viko wapi. Kumbe shida haikuwa kupanga hatua, ubongo umeacha kuujali upande wa kushoto. Tukambandikia utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, tukamfundisha autafute kwanza huo utepe kabla ya kugusa chochote. Alirudi kwake, binti yake anapita jioni.

Hicho ni kisa tu, si kozi.

DadaMkubwa_Leeds
Marahaba mwanangu. Nimesoma mpaka hapo nikaweka miwani vizuri.

Unalia huna CPD halafu unatuandikia CPD kwa Kiswahili fasaha kabisa. Hebu niambie: baada ya yule bibi, wodini mlibadilisha chochote?

BintiKibosho
Shikamoo mama. Ndiyo, kidogo. Nilisoma makala mbili tatu kuhusu kipimo cha jikoni na utamaduni wa mgonjwa, nikaongea na timu dakika kumi na tano kwenye kikao cha Alhamisi. Sasa fomu yetu ina swali juu kabisa: nyumbani unapika nini, na kwa chombo gani? Wiki iliyopita mzee mmoja Mpolandi alitupikia supu.

DadaMkubwa_Leeds
Haya, sasa sikiliza nikupangie, mimi nimewasaidia wadogo zangu watatu kupita hapo.

Kujifunza ukiwa kazini, umefanya, ni huyo bibi. Kujisomea, umefanya, hizo makala. Shughuli za kitaaluma, umefundisha timu na umesimamia mwanafunzi. Kozi rasmi, unavyo vyeti vitatu vya maana, vile vya moto viache. Huo ndio mchanganyiko wanaoutaka. Chagua mambo matano, kila moja liandike kwa mpango mmoja: nilikuwa sijui nini, nikafanya nini, kazini nimebadilisha nini, mgonjwa amepata nini. Hapo kwenye mgonjwa ndipo watu wengi huandika "nilifurahia sana mafunzo". Hawajakuuliza kama ulifurahia. Andika kwamba mtu aliyekuwa anapelekwa nyumba ya wazee amerudi kwake. Huko si kujisifu, ni taarifa ya kazi.

Wasifu una muhtasari wa kazi yako, usizidi maneno 500. Hapo taja wodi, aina ya wagonjwa, majukumu yako, basi. Halafu hayo maelezo ya 1,500, orodha ya shughuli zote za miaka miwili kwa tarehe, na ushahidi. Ushahidi si cheti tu. Fomu mpya yenye lile swali ni ushahidi. Slaidi zako za Alhamisi, kumbukumbu za vikao na msimamizi, barua ya kliniki ya viti, vyote ni ushahidi.

Likizo ya uzazi usiifiche wala usiiombee msamaha. Pengo la zaidi ya miezi mitatu kwenye orodha unalieleza kwa mstari mmoja: nilikuwa likizo ya uzazi kuanzia tarehe hii hadi hii. Kama kweli umezidiwa unaweza kuomba kuahirishiwa, lakini ukiahirisha, awamu ijayo uko ndani tena. Mimi ningemaliza sasa.

Na yule bibi, mwanangu: kwenye wasifu toa kabila, toa Uganda, toa mwezi. "Mgonjwa mwenye asili ya nje ya Uingereza" inatosha. Hata humu ningepunguza.

Wanja_Manchester
Niongeze moja muhimu. Wasifu na kuhuisha ni vitu viwili. Usitume wasifu ukasahau kutiki matamko kwenye akaunti. Mimi 2023 nilijua benki inakata ada yenyewe kwa hiyo nimehuisha. Kumbe pesa inakatwa lakini matamko hakuna. Nilishtuka zikiwa zimebaki siku mbili, na kosa lilikuwa langu, barua pepe za kukumbusha nilikuwa nazo nne. Ukitoka kwenye rejista huwezi hata kujiita occupational therapist huku, jina lenyewe linalindwa na sheria.

BintiKibosho
Na wakisoma wasioridhike?

Wanja_Manchester
Wanaweza kukuomba maelezo zaidi, au wakupe muda utimize kilichopungua. Hukatwi kichwa siku hiyo. Ukiwa umetuma na umehuisha, unaendelea na kazi huku wakisoma.

Kichwa_Ngumu
Kwa hiyo mtu analipwa kwa kupika chai na bibi. Nimekosea fani.

BintiKibosho (12 Oktoba)
Mrejesho wakuu. Nimetuma jana usiku mtoto akiwa amelala. Maneno 1,462. Bibi amechukua karibu 400, Uganda nimetoa, iliki nimeibakiza. Matamko nimetiki, na picha ya skrini ninayo. Msimamizi wangu alisoma rasimu akaniuliza kwa nini sijawahi kuomba nafasi ya kufundisha wanafunzi wote wa wodi. Nikamwambia kwa sababu niliomba siku za masomo mara mbili. Akanyamaza, kisha akafungua kalenda.

Mama wa Leeds na dada Wanja, Mungu awazidishie. Kaka wa Houston, na wewe asante kwa nia njema. Ya kwako inaisha lini?

Mzee_wa_Houston
Huku inaisha siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, kila miaka miwili. Mimi ni wa Nyerere Day, tarehe 14 Oktoba. Yangu ni mwakani.

Wanja_Manchester
Una uhakika? Umeangalia?

Mzee_wa_Houston
Ngoja.

Mzee_wa_Houston
Imeandikwa 10/31/2025.

DadaMkubwa_Leeds
Saa unazo ngapi, kaka?

Mzee_wa_Houston
Nilijua ni 24. Nimesoma sheria yao sasa hivi, kozi ya huduma ya kwanza na CPR haihesabiki. Toa hiyo nabaki na 17. Na mtihani wa sheria sijafanya.

Kichwa_Ngumu
Wikendi mbili unatoboa, mkuu.