Kuutafuta ukoo wa waokaji mikate wa Bolton, Uingereza

mkomani_lamu

Assalamu alaykum wanajamvi. Namtafutia mama asili ya babu yake, Mwingereza wa Bolton, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire. Tulivyonavyo ni hivi: alizaliwa 1889 au karibu na hapo, alikuja Afrika Mashariki 1914 akiwa askari wa Loyal North Lancashire, batalioni ya pili, na baada ya vita akabaki pwani, kwao walikuwa waokaji mikate tangu enzi za babu yake. Ipo pia barua moja ya mamake. Ndani yake imetajwa njia walikokuwa na duka, ila namba ya mlango haimo.

Jina la ukoo silitaji kwa kuwa mama hajaniruhusu, lakini ni la kawaida mno Bolton, mfano wa Haslam au Entwistle. Nimepekua sensa ya 1881 kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, kwa jina hilo na neno «Baker» (mwokaji). Zimetoka familia nne, na sijui ya kushika wala ya kuacha. Nipeni hatua, tafadhali, za mtu asiyeweza kutoka Lamu.

shela_nyaraka

Wa alaykum salaam. Huenda familia yenu haimo kabisa katika hizo nne. Kazi iliyoandikwa kwenye sensa ni jibu la siku moja katika miaka 10, na mwokaji yule yule aweza kuwa «Grocer» sensa hii, «Flour Dealer» ile, «Confectioner» (mtengeneza keki na vitamu) inayofuata. Iache kazi kwanza, umshike mtoto na mamake.

Ingia kwenye faharasa rasmi ya vizazi ya General Register Office, ofisi ya serikali ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, kujisajili ni bure. Weka jina la ukoo, wilaya ya Bolton, mwaka 1889, na nafasi ya miaka miwili kila upande. Kwa hatua hii usitumie FreeBMD, tovuti ya bure ya watu wa kujitolea: faharasa ya zamani waliyoinakili haionyeshi jina la ukoo la mama mpaka robo ya Septemba 1911 (Julai hadi Septemba), ilhali hii mpya inalionyesha tangu 1837. Na robo ya mwaka unayoiona ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, basi mtoto wa Disemba aweza kutokea robo ya Machi ya mwaka wa pili.

Ukibakiwa na wavulana wawili watatu, agiza vyeti vyao kwa PDF. Ni nafuu kuliko karatasi na vinakuja kwa intaneti, huna posta ya kungojea. Soma kazi ya baba, jina la mama na anwani ya aliyekwenda kuripoti. Kisha agiza cheti cha ndoa ya wazazi, na hapo usifanye ubahili, maana kina jina na kazi ya baba wa bwana harusi na ya baba wa bibi harusi. Zitazameni pande zote mbili: tanuri laweza kuwa la kwao bibi harusi, nanyi mnapekua ukoo wa bwana mwaka mzima.

Ndoa zitafute LancashireBMD, tovuti ya faharasa za wasajili wa Lancashire, kwa sababu wao wanataja kanisa. Ukishalijua kanisa, nenda Lancashire OnLine Parish Clerks, tovuti ya madaftari ya makanisa, bure, usome daftari lilivyonakiliwa. Ubatizo wa Kanisa la Uingereza una kazi ya baba na makazi tangu 1813. Wamethodisti na wengine wana madaftari yao, basi ukikosa kwenye kanisa la mtaa usikate tamaa. Na angalia Great Bolton na Little Bolton: zilikuwa sehemu mbili, mto Croal katikati.

barani_malindi

Upande wa jeshi, kwa ufupi. Batalioni hiyo ilipigana Tanga Novemba 1914, kwa hiyo medali yake ya kwanza ni 1914–15 Star. Ile iitwayo 1914 Star ilikuwa ya waliotumikia Ufaransa na Ubelgiji. Ukiona kadi yenye jina lenu na medali hiyo, karibu hakika ni mtu mwingine. Kadi za medali ziko National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew, London, mfululizo wa WO 372, nazo zitakupa namba yake ya jeshi. Faili za utumishi, WO 363, nyingi ziliungua 1940 kwa mabomu, kwa hiyo kukosekana kwake humo si dalili kwamba hakuwa askari. Kama 1911 alishaingia jeshini, usimtafute nyumbani kwao: sensa ya mwaka huo iliwaandika kwa majina wanajeshi walio ng'ambo.

Kwa Kenya, pekua Gazeti Rasmi la Serikali, nakala zake za zamani zinasomeka bure Google Books. Matangazo ya mirathi humo ndiyo ya kutazama, akiwa alifia huku.

langoni_tanuri

Wengi wanapotea kwa kufuata jina, ilhali ilifaa kufuata tanuri. Tanuri la matofali halihamishiki. Ni kama tanuri la mofa lililojengewa uani: mwenyewe akifa au akiondoka, anayeingia nyumba ile ni mwokaji mwenzake, mkwewe au mjane wake.

Kwa hiyo shika ile njia ya kwenye barua. Fungua Historical Directories za University of Leicester, yaani vitabu vya zamani vya kuorodhesha wakazi na wafanyabiashara wa kila mji, bure, chagua Lancashire, utazame vitabu vya Slater's na Kelly's vya miaka mbalimbali. Usiishie kwenye orodha ya majina; nenda orodha ya kazi, kwa waokaji, wauza unga, watengeneza keki, na hasa «Shopkeepers», maana wenye duka dogo mara nyingi wamewekwa hapo. Andika jedwali la mwaka, namba ya mlango na jina. Namba ikibaki na jina likabadilika, chunguza kama huyo mpya ni mkwe. Namba ikibadilika lakini majirani wote wamebaki kwa mpangilio ule ule, basi njia imepewa namba upya, hakuna aliyehama. Hakiki kwa ramani kubwa za miji ambazo National Library of Scotland wameziweka bure. Zile za kipimo cha 1:500 zinaonyesha mpaka kijumba cha uani na kichochoro cha nyuma ya duka.

Halafu wanawake. Warburtons, kampuni ya mikate inayojulikana Uingereza nzima, ilianzia Bolton hapo hapo mwaka 1876, Ellen Warburton alipooka mikate 4 na keki bapa 6 kwenye duka la vyakula la mumewe Thomas. Duka lina jina la mume, mikono inayokanda ni ya mke, na safu ya kazi ya mke kwenye sensa mara nyingi iliachwa tupu. Ukitafuta «Baker» katika nyumba ya namna hiyo huambulii kitu. (Na kama jina lenu ni Warburton, msijiunganishe nao kabla ya vyeti. Wenye jina hilo Lancashire ni wengi.)

Jambo jingine ni miaka ya 1861 hadi 1865. Vita vya Marekani vilikata pamba, viwanda vikasimama, na mwokaji aliyekopesha mikate mtaa mzima hakuwa na wa kumlipa. Baadaye maduka ya ushirika ya mfano wa Rochdale, ulioanza 1844, yakambana kwa unga na mikate yao. Hivyo mwokaji wa 1861 aliye kiwandani 1871 aweza kuwa mtu mmoja. Tafuta jina lake London Gazette, bure: kufilisika na kuvunjika kwa ubia kulitangazwa humo pamoja na anwani.

Magazeti pia, British Newspaper Archive: kutafuta ni bure, kusoma kwa malipo. Sheria ya mikate ya 1836 ilitaka mkate uuzwe kwa uzani, na anayepeleka kwa mkokoteni achukue mizani. Waliokiuka walifikishwa mahakamani, na magazeti yakaandika. Tafuta kwa jina la njia na maneno «bread» na «scales», bila jina la ukoo, kwa kuwa kompyuta husoma vibaya majina kwenye chapa iliyofifia.

mkomani_lamu

Shukran sana. Wamebaki wavulana wawili, wote wa 1889. Wa kwanza baba yake ni «Baker», ila anwani iko mbali na njia yetu. Wa pili baba ni «Cotton Spinner» (msokota pamba), lakini 1891 wanaishi kwa mama mkwe, mjane, «Confectioner», kwenye njia ile ile ya barua. Kazi ya mke haikuandikwa. Nimshike huyu?

shela_nyaraka

Ningemshika, lakini njia moja haitoshi kuwa ushahidi. Kwanza tafuta kifo cha yule mwingine. Watoto wengi wa miji ile walikufa wachanga, na faharasa ya vifo ya General Register Office inataja umri. Akiwa amekufa kabla ya 1914, umemaliza naye. Pili, sensa ya 1891 ina safu tatu za ajira: mwajiri, mwajiriwa, na asiye yeyote kati ya hao. Mjane akiwa wa kwanza au wa tatu, duka ni lake. Linganisha na 1901, kwa sababu makarani walizikosea sana safu hizo. Akifa na mali, faharasa ya mirathi tangu 1858 itakutajia aliyekabidhiwa, na hapo huenda ukamkuta binti.

Tatu, na hili usiliache: fomu ya sensa ya 1911 iliandikwa na wenye nyumba wenyewe. Ifungue picha yake, si maandishi yaliyochapwa upya, uiweke pembeni ya barua ya mamake. Tazama herufi kubwa ya kwanza ya jina la ukoo na jinsi jina la njia lilivyoandikwa.