Nataka PR yangu ya kwanza ipotee kabisa, inafutwaje?

Mgeni_wa_Git: Habari wakuu. Ndiyo naanza kuchangia programu huria. Nimetuma PR yangu ya kwanza (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwenye mradi) GitHub, ya kurekebisha tarehe kwenye maktaba ya kutengeneza ripoti. Sasa nataka iondoke, mtu yeyote asiione. Kitufe cha kufuta sikioni. Nikifuta nakala yangu ya repo (hifadhi ya msimbo wa mradi) itatoka? Msaada wa haraka tafadhali.

Binti_Pangani: Karibu sana. Kwa anayeanza, soma kwanza CONTRIBUTING.md ya mradi, tafuta kazi zenye lebo ya "good first issue", kisha andika palepale kuwa unaichukua ili msigongane wawili. Usifanyie kazi kwenye main (tawi kuu). Kila rekebisho lipe tawi lake:

`git switch -c rekebisha-tarehe`

Mgeni_wa_Git: Asante dada, ila mimi nauliza kufuta.

Fundi_Seva: Aliyetuma PR hawezi kuifuta, anaifunga tu. Na ukifuta nakala yako, mradi mkuu unabaki na komiti zako (mabadiliko uliyohifadhi) chini ya refs/pull, mahali GitHub inapotunza PR. Kwani umeweka nini humo? Kama ni msimbo mbovu, rekebisha kwenye tawi lilelile, push (tuma GitHub) tena, PR itajisasisha.

Mgeni_wa_Git: Kuna faili limeingia kwa bahati mbaya. Nimeshaliondoa kwa komiti ya pili.

Fundi_Seva: Faili gani?

Mgeni_wa_Git: .env, faili la mipangilio. Ina nenosiri la databesi ya kazini, nilikuwa najaribu ripoti kwa data halisi. Lakini kwenye orodha ya mafaili ya PR halionekani tena, na mradi wenyewe ni mdogo. Naona nikifuta na nakala yangu inatosha.

Mzee_Kibaha: Kijana, data za wateja si za kufanyia majaribio. Mwambie mkuu wako wa kazi leo hii, asije akasikia kwa mtu mwingine.

Dogo_Janja88: Hii chai wakuu. Tangu 2024 GitHub inazuia push yenye siri kwenye repo za wazi. Angekwama mlangoni.

Fundi_Seva: Si lazima iwe chai. Kizuizi kile kinatambua siri zenye umbo maalumu, mfano tokeni za watoa huduma wanaojulikana. Nenosiri la kujitungia linapita bila kuguswa.

Mgeni, lihesabu limeshasomwa, maana kuna roboti zinazopekua GitHub muda wote. Komiti ya pili haikufuta ya kwanza: mtu akifungua kichupo cha Commits analiona lote. Badilisha nenosiri kwanza, usafi baadaye.

Mgeni_wa_Git: Nikibadilisha mchana mfumo wa mauzo utakatika. Nilipanga usiku.

Fundi_Seva: Usisubiri usiku. Ni PostgreSQL?

Mgeni_wa_Git: Ndiyo.

Fundi_Seva: Basi tengeneza mtumiaji wa pili mwenye haki za yule wa zamani (hapa tumwite mauzo):

`CREATE ROLE mauzo2 LOGIN PASSWORD '...' IN ROLE mauzo;`

Weka mauzo2 kwenye mipangilio ya mfumo, uwashe upya; ukatikaji ni wa muda huo tu. Halafu `ALTER ROLE mauzo NOLOGIN;`. Hapo wengi wanakosea: amri hiyo haikati waliokwisha kuingia. Wakate kwa pg_terminate_backend, kisha pitia logi uone anwani usizozijua. Kama bandari 5432 (ya PostgreSQL) iko wazi kwa intaneti nzima, ifunge.

Ndipo ufunge PR na uanze na tawi safi, ukichukua faili moja tu kutoka tawi ulilofanyia kazi (kama si main, weka jina lake):

`git remote add upstream ANWANI_YA_MRADI`
`git fetch upstream`
`git switch -c tarehe-safi upstream/main`
`git checkout main -- src/tarehe.py`
`git diff --staged`

Hiyo ya mwisho isome mstari kwa mstari kabla ya komiti. Na uache `git add .`, taja faili kwa jina.

Mgeni_wa_Git: Nimempigia msimamizi, tunaanza na mauzo2 sasa hivi. Ile PR ya zamani je?

Binti_Pangani: Ifunge, kisha waandikie GitHub Support uwape kiungo cha PR na namba ya komiti. Kwenye PR mpya eleza kosa la tarehe linavyotokea na jinsi ya kulijaribu.