Naomba ushauri: siku moja Blaenavon (Wales), watu tisa, mmoja mtoto

KibokoWaUsk (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Jumamosi ya kwanza ya Novemba tunapanda Blaenavon, watu tisa, wengi wetu wa Newport na Cardiff. Tunataka kuuona mgodi wa makaa wa Big Pit, tutembee mlima Blorenge, tupige picha, turudi. Arubuni ya gari imeshalipwa, tarehe haibadiliki. Naombeni ratiba. Halafu tochi za kichwa za lumeni 400 zinatosha? Na kamba ya mita 20? Kuna mtoto wa miaka minne. Natanguliza shukrani.

Mpimaji Ardhi:
Anzeni na mgodi, mlima baadaye. Big Pit ilifungwa 1980 ikafunguliwa kwa wageni 1983, na chini kule bado sheria za usalama za migodi zinafuatwa. Mnashushwa kwa lifti mita 90, mzunguko ni kama dakika 50. Kila mtu anavishwa kofia ngumu, taa, betri ya mkanda na kifaa cha kujiokoa (cha kupumulia moto ukitokea). Vyote pamoja ni kama kilo 5, nyingi ziko kiunoni, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu ajue mapema. Chini ni baridi mwaka mzima na dari inashuka ghafla. Mtoto anaangaliwa urefu, si umri: asiyefika mita 1 hashuki. Mpimeni nyumbani bila viatu. Akipungua, mmoja abaki naye juu kwenye mabafu ya wachimbaji ya 1939, kuna maonyesho mazuri tu.

Mkitoka, pitieni kiwanda cha chuma cha 1789 pale mjini. Msiuache mnara wa maji wa 1839: tangi likijazwa maji juu linashuka kwa uzito wake, na mnyororo unapandisha behewa la upande wa pili. Injini hakuna. Miezi ya baridi hakifunguliwi kila siku, hakikisheni kwanza.

Mlima uwe wa mwisho na mfupi. Mwezi huo jua linazama kama saa kumi na nusu. Egesheni Foxhunter, njia ni karibu tambarare hadi kileleni, mita 561. Ramani ya karatasi ni OL13. Ukungu ukishuka pale juu huoni hata mnara wa redio uliouacha nyuma yako, na eneo lote ni nyasi na magugu yanayofanana.

Dereva Daraja B:
Kabla ya mlima, tuongelee gari. Leseni ya kawaida ya Uingereza aliyoipata mtu baada ya 1996 inabeba abiria wanane na dereva, basi. Tisa mmejaa kabisa. Akiongezeka shemeji mmoja mnahitaji daraja D1, na bima itawakana. Mtoto wa miaka minne lazima awe na kiti chake.

Mama Ntilie wa Cwmbran:
Vijana wa siku hizi wanalipa arubuni kwanza, ushauri baadaye. Na mtoto wa miaka minne mlimani Novemba anatafuta nini? Mpelekeni Garn Lakes. Zamani yalikuwa malundo ya vifusi vya mgodi, sasa ni mabwawa, ndege, na njia isiyo na mlima. Mkikuta mfereji wenye maji ya rangi ya chungwa asichezee: ni kutu ya chuma. Mawe ya mgodini yana salfa na chuma, yakikutana na hewa na maji yanatoa uchafu huo miaka na miaka.

Ngaka Mzalendo:
Sisi Tanzania na migodi yetu ya Kiwira na Ngaka, siku makaa yakiisha nani atatuwekea makumbusho? Tutaachiwa mashimo. Blaenavon imeingia Urithi wa Dunia tangu 2000 kwa sababu hawakuviuza vyuma vyote kwa skrepa. Hilo ndilo la kujadili humu.

Fundi Kreni:
@Ngaka fungua uzi wako. @KibokoWaUsk, kuna kitu hujasema. Big Pit wanakupa taa yao, tochi yako haishuki. Foxhunter hadi kileleni mchana hakuna anayehitaji lumeni 400, wala kamba. Kamba ya mita 20 ni ya nini?

KibokoWaUsk:
Mkuu, ni tahadhari tu.

Fundi Kreni:
Tahadhari ya nini? Mlimani hakuna pa kuning'inia.

KibokoWaUsk:
Sawa. Binamu yangu ameona tundu la mgodi wa zamani kwenye mteremko. Lina nondo, mbili zimepinda, mtu anapita kwa ubavu. Tunataka kuingia mita 50 tu, watu wanne, wengine wanabaki nje na mtoto. Si shimo la kwenda chini, linaenda mlalo. Maji ya chungwa yanatiririka mlangoni, ndani pakavu. Kamba ni ya kuvutana. Msiniandame, watu wa video za mtandaoni wanaingia kila siku.

Fundi Kreni:
Ndiyo hiyo sasa. Nisome taratibu.

Moja, hewa. Makaa na mbao zilizobaki humo zinakula oksijeni, zinaacha naitrojeni na kaboni dioksaidi. Haina harufu, haina rangi, hulala penye bonde. Nje oksijeni ni asilimia 21. Mshumaa unazimika karibu na 16, binadamu anaanguka karibu na 10, na haanzi kwa kukohoa. Magoti yanalegea tu. Tena hewa hiyo haitulii. Kanieneo ya hewa ya nje ikishuka, kama siku ya mvua kubwa, mlima unaitema kupitia kila tundu. Ikipanda, unavuta hewa safi ndani. Ndiyo maana binamu ataingia Jumanne akatoka anacheka, Jumamosi asitoke.

Mbili, kamba. Aliyeanguka ana kilo 80, njia imepinda, anakwama kwenye jiwe la kwanza. Wa pili anaingia kumtoa, naye analala juu yake. Vifo vingi vya hewa mbovu huwa viwili viwili.

Tatu, "mita 50 tu". Hizo ndizo mbovu kuliko zote. Karibu na mlango mwamba umeliwa na barafu na mvua, na nguzo za mbao zinalowa na kukauka kila msimu mpaka zinaoza. Ndani zaidi mwamba unaweza kuwa imara kuliko pale.

Mpimaji Ardhi:
Niongeze la nne. Hizo nondo mara nyingi zimewekwa kwa nafasi popo wapite. Kuanzia Novemba wanaanza kulala usingizi wa baridi, ukiwaamsha wanaunguza mafuta ya kuwavusha hadi machi. Popo wote Uingereza wanalindwa, kuwasumbua makusudi ni kosa la jinai. Na ardhi ile ina mwenyewe.

KibokoWaUsk:
Nimewasikia, ila mnatia chumvi. Mwaka jana nilishuka Big Pit, nikapiga video chini kule kwa simu yangu dakika nzima, hewa safi kabisa. Mgodi ni mgodi. Tukinunua vile vifaa vya kujiokoa je?

Dereva Daraja B:
Ulipiga video chini kwa SIMU?

Mama Ntilie wa Cwmbran:
Hahaha, chai hiyo. Na tangawizi imo.

Dereva Daraja B:
Big Pit kabla ya lifti unakabidhi simu, saa ya betri, ufunguo wa gari wa kielektroniki, kiberiti, sigara ya umeme. Chochote chenye cheche, kwa ajili ya methani, gesi ya mgodini inayolipuka. Ukirudi juu unapewa. Huyu hajawahi kufika, na tundu halipo. Tunaandikiwa hadithi hapa.

Fundi Kreni:
Hata hilo tundu lina kasoro. Njia za mlalo zilichimbwa zikipanda kidogo kwenda ndani, ili maji yajitoe yenyewe. Maji yakitoka mlangoni yametoka ndani. Huwezi kuwa na mfereji wa chungwa nje na sakafu kavu ndani. Kungekuwa na tope la kutu hadi magotini.

KibokoWaUsk:
Video niliipiga juu, kwenye mabafu. Nimeandika vibaya. Tundu binamu ndiye aliyeliona, mimi sijafika. Yeye kasema pakavu.

Mama Ntilie wa Cwmbran:
Na binamu naye kaambiwa na nani?

Ngaka Mzalendo:
Mods fungeni uzi.

Fundi Kreni:
Usifungwe, iwe chai au maziwa kuna atakayesoma. Kifaa cha kujiokoa kinageuza kaboni monoksidi ya moto kuwa kaboni dioksaidi. Hakiongezi oksijeni hata punje. Kwenye hewa niliyoieleza ni pambo la kiunoni. Big Pit pako salama kwa sababu hewa inasukumwa, inapimwa, na milango inaielekeza njia. Tundu la binamu halina hata kimoja. Na mtu akiwa ameshaanguka, hamuingii: 999, ombeni polisi, waambieni mnataka uokoaji wa mapangoni.

Mpimaji Ardhi:
Kama kiu ni historia iliyojificha, fuateni njia ya reli ya farasi ya Hill inayozunguka Blorenge. Angalieni chini: mawe ya mraba yenye tundu katikati, ndimo reli ilipigiliwa. Reli hiyo ilipita chini ya mlima pale Pwll Du kwa zaidi ya kilomita 2, kisha ikashuka hadi gati la mfereji wa Llanfoist. Anzieni Keeper's Pond, bwawa lililochimbwa kupeleka maji kiwanda cha Garnddyrys. Mkifika Garnddyrys geukeni, msishuke Llanfoist, mteremko wa msituni una majani yaliyooza juu ya mawe na kurudi juu gizani mtoto mtambeba nyinyi.

KibokoWaUsk:
Hiyo ya mawe naipenda. Nitaongea na binamu, siahidi kitu. Hapo bwawani tunaruhusiwa kuchoma nyama?

Dereva Daraja B:
Hapana, hata jiko la kutupa. Chini ya magugu yale kuna mboji, moto unaingia ardhini na kutokea mita kumi mbele mkiwa mmeshaondoka. Bebeni chapati.